Maji ya Manjano

Kila alfajiri, akishaswali, Bi Barke binti Faki hutoka uani bila viatu, huenda hadi kwenye banda la kuku, na hafungui mlango. Huweka sikio la kulia kwenye ubao, hufumba macho na kuzuia pumzi. Hukaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Kulhuwallahu mara kumi. Ukimwamkia wakati huo haitikii. Anasikiliza kuku mia na ishirini wakipumua gizani, akitafuta mlio mdogo kama wa karatasi ikikunjwa, yaani kuku anayekohoa. Asipousikia hufumbua macho na kusema, "Marahaba," hata kama aliyemwamkia ameshakwenda zake.

Watu wa Mtongwe wana maelezo yao. Watoto wa chuo cha Kurani hupita upande wa pili wa njia. Wanawake husema Bi Barke ana kitu mle ndani, na hawamaanishi kuku. Mimi nimepanga chumba cha uani kwake, huu mwaka wa pili, na dirisha langu linatazama banda. Najua kwamba hasemi na mtu pale. Mengine nimeyapata kwake mwenyewe, kidogo kidogo, tukichambua mchele, na mengine nimeyapata kwa bintiye Wardah.

Alianza kufuga mumewe, Mwalimu Mbwana, alipoanza kutetemeka mikono. Mwalimu alisomesha chuo zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa akiandika kombe. Mgonjwa akiletwa, aliandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, akayasuuza yale maandishi kwa marashi ya mawaridi, na yale maji ya manjano mgonjwa akayanywa. Watu walivuka feri kuja kwake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, herufi zikapotea sura, na watu wakaacha kuja. Hakuna aliyesema neno. Waliacha tu kubisha hodi.

Ndipo Bi Barke akajenga banda nyuma ya nyumba, upande wa hori la bahari, akaweka kuku mia mbili wa mayai. Vyakula alinunua kwa Kamau, mtu wa bara aliyefungua duka la vyakula vya kuku kwenye njia ya Likoni baada ya kuacha kazi bandarini. Kamau ndiye aliyempa unga wa dawa ya kuku.

"Mathe, kuku hawa si wale wa nyanya yako," alimwambia. "Hawa ni kama watoto wa shule za kulipia. Akikohoa mmoja leo, kesho unachimba shimo. Tia hii kwa maji kila siku. Usingoje wagonjwe."

Kwenye pakiti paliandikwa kwamba dawa hutiwa siku tano tu, na kwa kuku aliyeugua tu. Lakini paliandikwa kwa Kiingereza. Bi Barke husoma msahafu na husoma Kiswahili. Kiingereza alimwachia Kamau, na Kamau hakumsomea. Alipokoroga unga ule maji yaligeuka manjano, rangi ile ile ya zafarani iliyosuuzwa. Alifurahi kuiona. Ilikuwa rangi ya dawa.

Kuku wakanenepa. Wakataga. Na wakanyamaza. Anasema hilo ndilo lililomshangaza kwanza, kwa sababu si kawaida banda la kuku mia mbili kuwa kimya. Akiingia na ndoo, hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Waligeuza vichwa pamoja wakamtazama kwa jicho moja moja, kisha wakainama kunywa. Alimshukuru Mungu kwa utulivu ule.

Mwaka huo Wardah, wakati huo ana miaka kumi na tisa, akapata jipu la paja na homa kali. Mwalimu aliomba amwandikie kombe yeye mwenyewe. Ilimchukua asubuhi nzima, mkono wa kushoto umeukamata wa kulia. Alipomaliza alimimina yale maji katika bakuli la maua, lile la seti waliyopewa harusini, akaliweka mezani na kulifunika kawa. Bi Barke naye, katika bakuli jingine la seti hiyo hiyo, alikuwa akikoroga unga wa kuku kabla ya kuumwaga ndooni. Mteja wa mayai akabisha. Akaliacha bakuli pembeni mwa meza, akatoka.

Wardah aliinuka na homa yake akanywa lililokuwa wazi.

"Lilikuwa chungu," Wardah aliniambia. "Nikadhani baba kaandika aya kali."

Adhuhuri Bi Barke alifunua kawa akakuta kombe limejaa pomoni. Lile la kuku lilikuwa tupu, limebaki tope la manjano chini. Aliyatazama mabakuli mawili kwa muda mrefu. Aliangalia kifua cha mtoto kikipanda na kushuka mpaka jioni, akingoja afe. Wardah hakufa. Siku ya tatu jipu lilipasuka na kukauka, na homa ikaondoka. Mwalimu alilia mbele ya watu. Jirani wakaambizana, na mlango ukaanza tena kubishwa hodi.

Lile kombe halisi Bi Barke alikuwa ameshalimwaga chini ya mwasumini, mahali pasipokanyagwa, kama inavyotakiwa. Hakumwambia mtu.

"Ningemwambiaje?" alinijibu bila kuulizwa. "Alikuwa kapata mikono yake tena."

Tangu siku hiyo, kila Wardah alipougua, Mwalimu aliandika, na Bi Barke akapita nyuma na unga kwenye ncha ya kidole. Jino likimuuma, chembe kidogo. Tumbo, chembe kidogo. Mafua, vivyo hivyo. Wardah alipona, kama vijana wanavyopona hata wasipopewa kitu. Watu wa nje hakuthubutu kuwatilia. Ilikuwa siri ya mtu mmoja juu ya mwanawe, na ilikwenda hivyo miaka miwili.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi. Alikwenda kufungua banda kama kawaida, na kabla hajagusa komeo alisikia pumzi. Haikuwa sauti ya kuku wengi. Ilikuwa pumzi moja, nzito, yenye kukwaruza, ikipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, kana kwamba ndani mmelala mnyama mkubwa. Alisimama pale mpaka king'ora cha kambi ya wanamaji kikalia. Alipofungua aliwakuta wote wamesimama, midomo wazi, wakivuta hewa pamoja.

Aliongeza unga mara mbili. Kesho yake mara tatu, mpaka maji yakawa mazito kama bizari. Waliyanywa, wakafa wamesimama, wameegemea waya. Ndani ya siku sita palikuwa pamebaki kuku kumi na wanne. Wardah alimsaidia kuwatoa na kuwatia shimoni kwa chokaa, na katika kazi hiyo waya ulimchana katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Mchubuko tu. Aliufuta kwenye leso akaendelea.

Siku ya pili mkono ulivimba. Mwalimu akaandika. Bi Barke akatia chembe, kisha chembe mbili. Mwalimu akaandika mara tatu kwa siku moja, na mara zote tatu kidole cha Bi Barke kikapita. Zahanati wakampa vidonge. Mkono ulibadilika rangi mpaka kwenye kiwiko, ukang'aa, na Wardah akawa akiutazama kama kitu kilichowekwa kitandani na mtu mwingine. Wakamvusha feri kumpeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa msichana, Lynnette jina lake, mpole wa maneno. Aliuliza, "Amewahi kutumia dawa gani miezi ya karibuni?"

"Kombe tu, daktari," akasema Mwalimu. "Hakunywa kingine."

Bi Barke alikuwa akitazama sakafu. Wardah akadungwa sindano za kawaida, na usaha kidogo ukapelekwa maabara kuoteshwa. Jibu ni siku tatu, alisema daktari, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hana hakika kama mkono utangoja siku tatu. Wala mwenye mkono.

Siku mbili zikapita na sindano hazikufanya kitu. Bi Barke alirudi Mtongwe kupika uji wa kumpelekea mgonjwa, na akiwa jikoni akasikia hodi. Alikuwa Nafula, afisa wa mifugo, aliyekuwa amechukua kuku mmoja aliyekufa wiki ile kumpeleka kupimwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nipe habari ya kuku nimalize, nina mgonjwa."

Nafula alimwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa sahani, ya duara, imepigwa picha kutoka juu. Ndani yake palijaa kitu cheupe kama ukungu wa mkate, na katikati ya ukungu palikuwa na vidude sita vidogo vya mviringo.

"Huu ukungu ni vijidudu vilivyotoka kwa kuku wako," alisema Nafula. "Hivi vidude ni vikaratasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa ikiviweza, vijidudu hukaa mbali nayo, panabaki duara tupu. Nitafutie duara, Mama."

Bi Barke alitafuta. Ukungu ulikuwa umeota mpaka ukingoni mwa kila karatasi, kama nyasi zinavyoota mpaka ubavuni mwa kaburi lisilotembelewa. Aliona kwamba vile vitu havikuogopa. Vilikuwa vimeizoea dawa kama watu wanavyouzoea mtaa.

"Hili hapa," alisema hatimaye. Pembeni kabisa, karatasi moja ilikuwa na uwazi kuizunguka. "Hii ni gani?"

"Hiyo hukuwapa. Hiyo ni ya hospitali, ya watu waliozidiwa. Sisi hatutaki hata ikaribie kuku. Ile yako ya manjano ni hii ya katikati. Umewanywesha kila siku, kidogo kidogo, vilivyokufa ni vijidudu dhaifu. Vilivyobaki ndivyo hivi."

"Na mtu akiinywa? Kidogo kidogo?"

Nafula aliishusha simu. "Mtu gani, Mama?"

Uji uliungua jikoni. Walivuka feri pamoja.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, mchana, wodi imejaa vikapu na watu. Mwalimu alikuwa ameketi kichwani pa kitanda akisoma Yasini kwa sauti ndogo. Wardah alikuwa macho lakini hatazami mtu. Bi Barke alimwita daktari, akasimama mbele yake, na akasema kwa sauti ambayo kitanda cha tatu kilisikia: "Nimemtilia dawa ya kuku ndani ya kombe. Miaka miwili. Baba yake hajui."

Daktari hakumkemea. Alimtaka Nafula picha na jina la kila dawa iliyokuwa kwenye sahani, akaita mwenzake, wakazungumza upesi. Hawakungoja jibu lao. Baada ya nusu saa chupa nyingine ilining'inia juu ya Wardah, ina maji meupe kama ya kunywa.

Mwalimu hakuinua kichwa muda wote huo. Watu wa vitanda vya jirani walipogeuka kutazama kwingine, aliuliza, "Na lile jipu?"

"Na jipu."

Akaufunga msahafu, akaubusu, akauweka ndani ya mtoto wa meza.

Wardah alibaki hai. Vidole viwili vilikatwa, kile kidogo cha mwisho na kinachokifuata, na mkono ukaokoka. Jibu la hospitali lilipotoka, vijidudu vya jeraha vilikuwa sawa na vya kuku. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimshika Bi Barke pembeni. "Dawa hii tuliyompa ndiyo iliyobaki kwake," alimwambia. "Nyuma yake sina kitu. Vile vijidudu havijaondoka duniani, Mama. Huenda viko kwenu bado, ukutani, udongoni, hata tumboni mwake mwenyewe, vimetulia. Usivifundishe na hii."

Ndivyo alivyosema: usivifundishe.

Nafula aliagiza banda lisafishwe, lipakwe chokaa na liachwe tupu wiki tatu. Bi Barke aliliacha siku arubaini, kama arubaini ya maiti. Katika siku hizo, anasema, alisikia kukohoa mle ndani. Si mara moja. Alikuwa akifungua mlango na kukuta sakafu nyeupe, kuta nyeupe, na mwanga wa hori ukicheza darini. Alikuwa akifunga, na nyuma yake, kwa upole, kitu kikakunja karatasi. Wardah alisikia pia, au alisema alisikia ili mama yake asiwe peke yake.

Kuku wapya walikuwa wachache, nafasi ya kutosha, madirisha mapana ya waya. Walichanjwa. Maranda ya sakafuni hubadilishwa yakishika unyevu. Mlangoni kuna beseni la chokaa na ndara za mle ndani tu, na mgeni haruhusiwi. Maji ni maji matupu.

Kamau alikuja kuona akacheka. "Mathe, unavua viatu kwa kuku kama msikitini? Basi uwaadhinie kabisa."

"Wewe ukiingia utawakimbiza malaika," alimjibu. "Kaa huko huko."

Mwalimu huandika kombe bado, kwa wale wanaobisha. Lakini huchukua bakuli mwenyewe, kwa mikono miwili, kutoka mezani hadi kwa mgonjwa, na maji humwagika njia nzima. Bi Barke husimama mbali mpaka liishe kunywewa.

Katika mvua za mwaka huu kuku walikohoa. Kwanza mmoja, Jumatatu. Alhamisi wakawa tisa. Nafula alikuja, akawatenga wagonjwa, akasema ugonjwa huu ni wa virusi, unga wowote hauwezi kuugusa, ni kuwaweka pakavu, kuwapa hewa na kungoja. Bi Barke alingoja. Jumapili alizika wanne. Jumatatu alizika watano. Alikuwa akilala na kuamka na ile pumzi masikioni, hata alipokuwa sokoni, hata kwenye sijda. Jumanne alijitanda leso akaenda kwa Kamau.

"Ile ya manjano haina nguvu tena," Kamau alimwambia. "Hata mimi siiuzi sana. Lakini kuna hii mpya, mathe. Nyeupe. Ukiitia kwa maji huioni. Hata yule daktari wako wa mifugo akija ataona maji tu."

Kamau hakumtaka karatasi ya daktari. Bi Barke aliifunga pakiti kwenye pindo la leso akarudi kwa njia ya nyuma, ya hori, ili asipite barazani pa Mwalimu.

Wardah alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha banda, mgongo kwenye mlango.

"Abee, mama," alisema, ingawa hakuitwa. "Umenunua nini?"

Bi Barke alimpa. Hakuwa na la kumficha mtu yule. Wardah aliigeuza pakiti kwa mkono wa vidole vitatu, akatafuta maandishi madogo ya chini, akayasoma kimoyomoyo, kisha akayasoma tena.

"Hili jina nalijua," akasema. "Nililala chini yake siku kumi na moja. Lilikuwa limeandikwa kwenye chupa."

Nyuma yake kuku walikohoa, huyu, kisha yule, kisha kama kumi kwa pamoja. Bi Barke anasema alimwona mwanawe ameketi pale na akaona pia, waziwazi kama picha ya Nafula, ukungu mweupe ukitoka chini ya mlango na kumzunguka, ukifika ukingoni mwa kanga yake.

"Inuka nipite, Wardah."

"Njoo ukae, mama."

"Watakufa wote."

"Njoo ukae."

Wardah hakuinuka. Bi Barke akaketi. Walikaa hapo kizingitini mpaka alasiri, pakiti imelazwa baina yao, wakisikiliza. Mwalimu alipoadhini kwa ajili ya nyumba yake, kama anavyofanya siku hizi kwa kuwa msikiti umekuwa mbali kwa miguu yake, waliinuka kuswali kwa zamu, mmoja akabaki mlangoni. Jioni Wardah aliirudisha pakiti dukani. Kamau aliipokea akisema watarudi tu kuichukua, wote hurudi.

Walikufa kuku ishirini na mmoja. Siku ya nane baada ya hapo waliobaki waliacha kukohoa, wenyewe.

Nimekaa na Bi Barke saa nyingi bila kumwuliza kitu, kwa kuwa yeye husimulia na mimi si mtu wa maswali. Moja tu nililiuliza, asubuhi moja, ungo wa mchele magotini mwetu, Wardah amekwenda Likoni.

"Bi Barke, kama Wardah hangekuwapo pale mlangoni, na jina lile umeshalijua, ungeutia ule unga?"

Alitoa kokoto, akaitupa uani.

"Ningeutia," akasema.